Bendi ya watatu bila mpiga besi: oktavu, mkono wa kushoto, baritoni au traki?

SautiTatu
Wadau, tulinganishe njia za kuziba nafasi ya besi kwenye bendi ya indie pop yenye gitaa, kibodi na dramu. Mpiga gitaa ndiye anayeimba. Mwendo ni mapigo 110 hadi 125 kwa dakika, nyimbo nyingi ziko E au A. Ninazopima ni pedali ya oktavu (inayoongeza noti ileile ngazi nzima chini), besi ya mkono wa kushoto kwenye kibodi, gitaa la baritoni (lenye sauti nzito kuliko la kawaida), na traki ya besi iliyorekodiwa. Ipi inasimama jukwaani?

Nyuzi6
Uzi mnene wa gitaa ukiachwa wazi hutoa E ya takriban 82 Hz (mitetemo kwa sekunde). Wa besi hutoa 41 Hz. Oktavu hiyo nzima ndiyo inayobaki bila mwenyewe, na pedali inaijaza vizuri, mradi waya ziunganishwe sawasawa. Iweke ya kwanza kabisa baada ya gitaa, kabla ya distoshoni (pedali ya kukwaruza sauti) na mwangwi, kwa sababu inahitaji noti safi ili iitambue. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupeleka oktavu kwenye amplifaya ileile ya gitaa. Spika ya gitaa ya inchi 12 hufifia haraka chini ya 80 Hz, na ukiilazimisha inakwaruza. Gawa njia: sauti kavu iende amplifaya ya gitaa, oktavu peke yake iende amplifaya ya besi, au ipite kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha ala moja kwa moja na mixa) hadi kwenye mixa.

Tumia pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya shingoni na upunguze toni. Pedali ya analogi kama Boss OC-2 hufuata noti moja tu. Ukigusa nyuzi mbili pamoja, inayumba na kukoroma. Electro-Harmonix POG inafuata noti nyingi bila kukoroma, lakini inashusha zote, na noti tatu zilizokaribiana zikifika huko chini zinakuwa uji. Boss OC-3 inaweza kuwekwa ishushe eneo la noti za chini tu. Kwa mtu anayeimba huku akipiga, hiyo ndiyo ningeichagua.

Kinanda88
Mkuu Nyuzi6, mwimbaji tayari ana kazi mbili, unamwongezea ya tatu. Mpe mpiga kibodi. Ray Manzarek wa The Doors alipiga besi jukwaani kwa mkono wa kushoto kwenye Fender Rhodes Piano Bass, ala yenye vitufe 32 tu.

Gawanya kibodi kwenye C iliyo oktavu moja chini ya C ya kati. Eneo la chini liwe la noti moja kwa wakati, na noti ife haraka kidole kikiinuka. Zima pedali ya mguu kwa eneo hilo! Usipoizima, kila unapokanyaga ili kurefusha sauti za mkono wa kulia, noti za besi zinarundikana. Besi itoke upande wa kushoto wa stereo na sauti nyingine upande wa kulia, ili mixani ziwe chaneli mbili tofauti. Mkono wa kulia uache noti ya msingi, kushoto kumeshaibeba.

Udhaifu upo. Ukipiga noti mbili kwa kila pigo kwenye mwendo wa 125, mkono unagonga mara 250 kwa dakika, na kifundo kinachoka kabla ya kibwagizo cha mwisho. Andika besi inayopumua, noti ziangukie kwenye kiki (ngoma kubwa ya mguu).

MwendoSawa
Traki ni rahisi kuliko zote na ndiyo inayosamehe kidogo zaidi. Besi chaneli ya kushoto, metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) chaneli ya kulia kwenda sikioni mwa mpiga dramu peke yake, na baa mbili za kuhesabu mwanzoni. Waya mbili zikibadilishana, ukumbi mzima unasikia metronomu, kwa hiyo ziwekee rangi tofauti. Laptopu iwe haina intaneti wala arifa, na izuiwe kulala. Mkirudia ubeti mara nne badala ya mbili kwa sababu watu wanaimba, traki haitawangoja.

FundiMixa
Yeyote atakayebeba besi, kata gitaa chini ya 100 Hz kwenye mixa na uiachie besi nafasi. Kiki iwe na uzito karibu na 60 Hz, besi isikike zaidi 80 hadi 120. Mkivipandisha vyote viwili palepale, vinamezana. Oktavu na kibodi zote zinahitaji kompresa (kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti), uwiano wa 4:1 unatosha, kwa sababu noti zake hazilingani kwa nguvu. Kukiwa na mvumo, jaribu swichi ya DI ya kutenganisha ethi.

SautiTatu
Baritoni hamjaigusa.

Nyuzi6
Ikirekebishwa uzi wake mnene utoe B, hufika 62 Hz hivi. Inanenepesha gitaa, haichukui nafasi ya besi. Nyuzi zake ni nene na shingo ndefu, vidole vinahitaji muda kuzoea.

Kinanda88
Kuna njia ya tano: msizibe. Yeah Yeah Yeahs ni watatu bila mpiga besi, na Sleater-Kinney walishusha magitaa mawili hadi C#, karibu 69 Hz, kisha wakayapanga yasikanyagane. Kwenye beti acheni ngoma ya tom ya sakafuni ibebe uzito, kibodi iingie chini kwenye kibwagizo tu. Msikilizaji anausikia mshuko ule kwa sababu haukuwepo kabla.

SautiTatu
Basi beti tupu, kibwagizo kwa mkono wa kushoto, na OC-3 kwa zile nyimbo mbili ambazo kibodi ina kazi ya mikono yote miwili.

FundiMixa
Hapo omba chaneli mbili za besi mapema, na zilinganishwe sauti kabla ya shoo. Oktavu ikiingia kwa kiwango tofauti na kibodi, wimbo unaonekana umebadilisha bendi.