Kaunsela amewekwa nyuma ya plaiwudi, siri zetu zinasikika mpaka foleni ya risiti

Salamu kwenu nyote. Uzi huu nauanzisha nikiwa na hasira na msiniambie nitulie, nimetulia wiki mbili nzima na hakuna kilichofanyika. Niko mwaka wa tatu kwenye kampasi moja hapa Malindi, jina silitaji, na mnaonijua tafadhali nyamazeni, nishazungumzwa ya kutosha.

Ilianzia kwenye maksi. Muhula uliopita nilifanya mitihani saba, potali ikaleta sita, wa saba kuna kistari tu. Mtihani nilikaa, nikasaini, na aliyekaa nyuma yangu ana maksi zake. Mwalimu wa somo alikuwa wa pati-taimu, mkataba umeisha, simu inaita mpaka inakatika yenyewe. Idara wananambia nenda ofisi ya mitihani, ofisi ya mitihani iko kampasi kuu, nikapanda matatu kutoka Mambrui nikavuka daraja la Sabaki giza bado, nafika huko naambiwa karatasi zilirudishwa idarani kwenu zamani. Nikarudi. Idara wakasema mwalimu aandike barua. Mwalimu yupi sasa? Na bila hiyo maksi sipewi barua ya atachimenti, yaani ya kwenda kujifunza kazini, wenzangu washaanza kuzunguka mahotelini na kaunti kutafuta nafasi, mimi bado nabeba faili.

Lingekuwa hilo peke yake ningelimudu. Lakini mimi ni wa ile intaki ya 2023, ya kwanza kuingizwa kwenye mfumo wa bendi, yaani makundi ya ufadhili kulingana na uwezo wa familia. Nilipojaza fomu babangu alikuwa nyumbani na kazi anayo, nikawekwa bendi ya nne, na kwa hesabu ya wakati ule familia ya bendi ya nne ilitakiwa ibebe sehemu ya gharama ya kozi, zilizobaki ziwe skolashipu na mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Sawa. Mwaka jana babangu akaoa Watamu na tangu hapo fungu la nyumbani halijatoka hata shilingi. Hili nisingeliandika hapa kama mji mzima haujalijua tayari, na namna lilivyojulikana ndiyo sababu ya uzi huu.

Rufaa ya bendi ipo, unaomba upangwe upya, ila unahitaji mtu akukalishe akuoneshe unajaza nini na unaambatanisha nini, na kwetu mtu huyo ni kaunsela, huyohuyo mwenye kushughulikia wagonjwa, waliofiwa, wenye mimba, waliokosa hosteli. Ni mmoja. Anatoka kampasi kuu kila Jumatano, anafika saa nne na nusu, saa saba anatoka awahi gari. Mama wa watu ni mzuri, nasema wazi, yeye simlaumu hata chembe.

Nawalaumu waliompa kile chumba. Hata si chumba, ni pembe ya ofisi ya uhasibu iliyokatwa kwa plaiwudi, na plaiwudi yenyewe haifiki darini, imeachwa kama futi mbili hivi wazi. Upande wa pili ndiko foleni ya risiti. Ukikaa unasikia muhuri unavyogongwa, pa, pa, pa, unamsikia kijana wa kaunta akiuliza namba ya usajili, sasa kama mimi nawasikia wao, wao hawanisikii? Siku zote kuna feni kubwa la kusimama, bovu, linapiga kelele kweli, na ndilo lililokuwa likitusitiri. Siku yangu stima ikapotea. Feni likazunguka, likazunguka, likasimama, na mimi nishaanza kulia niko katikati ya maneno, na mtu ukishafika hapo hujizuii tena, nikayatoa yote, ya babangu, ya mamangu kuuza mkufu wake, kwamba usingizi sipati na nawaza kuacha chuo. Kaunsela akaniinamia akanambia kwa sauti ya chini, "mwanangu, punguza sauti kidogo." Hapo ndipo nikagundua kule foleni kumenyamaza. Muhuri haugongwi.

Nilipotoka walikuwa watu kumi na kitu, wote wameinamia simu zao.

Baada ya Maghribi mamangu yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, simu ameiegemeza kwenye sufuria ameweka spika, akapiga shangazi yangu, dadake babangu. Hakusalimu hata. "Mwanao anamtangaza ndugu yangu ofisini mbele za watu?" Mamangu hakumjibu. Akaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha nikasikia kifuu kinakwaruzwa, kisha akaniuliza polepole, "Ulimwambia nani?" Nilimwambia kaunsela, mama. Nilimwambia kaunsela peke yake.

Katiba yetu kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, mambo ya familia yake yasifichuliwe bila sababu. Sheria ya makaunsela na wanasaikolojia ipo tangu 2014. Sasa kaunsela atatunza siri vipi na ukuta hautunzi? Nilienda kulalamika, mkubwa mmoja akanambia "hii ni kampasi ndogo binti yangu, vumilieni, bajeti inakuja." Kampasi ndogo, karo ndogo? Kwenye karatasi ya karo kuna mstari wa huduma za wanafunzi na tunalipa sawasawa na wa kampasi kuu, ambao wao wana ofisi yao na kaunsela wa kila siku. Na huku ndiko ukuta unakohitajika zaidi, Malindi hii ukikohoa Barani, Shella wanakwambia pole.

Karibu na maktaba kuna stoo imejaa viti vilivyovunjika miguu. Ina mlango, ina dirisha, ina ukuta wa mawe mpaka juu. Tupeni ufunguo, viti tutavitoa wenyewe Jumamosi moja, nishapata wenzangu wanane na mmoja ana babake fundi wa kufuli. Na mpaka hapo stoo ipatikane, Jumatano asubuhi foleni ya risiti ihamishiwe dirisha la nje, hilo halina gharama yoyote, ni kusema tu.

Mlioko kampasi ndogondogo, wa Lamu, wa Kilifi, wa Hola, kwenu kaunsela anakaa wapi? Niandikieni, nataka kuugeuza uzi huu barua, niipeleke chuoni ikiwa na majina zaidi ya langu.

Halafu ile karatasi ya kuandikisha. Hubandikwa mlangoni kwa kaunsela, unaandika jina kamili na namba ya usajili, biro imefungwa kwa kamba, kila mwenye kupita anasoma. Mwanzo wa muhula ilikuwa ikijaa mpaka watu wanaandika pembeni. Jumatano hii nimepita hapo saa nne, kuna jina moja tu, nalo limekatwa.