Makande ya mchana shuleni: mtoto ambaye kwao hawajachanga apewe au asipewe?

MjumbeKamati
Habari wanajukwaa. Shule yetu ya msingi iko Dodoma vijijini, ina wanafunzi 400. Kamati inataka kuanzisha makande ya mchana kwa mchango wa mahindi na maharage. Tumegawanyika kwa mambo mawili: kila kaya itoe kiasi gani kwa mtoto, na mtoto ambaye kwao hawajaleta apewe au akae pembeni? Wapo wanaosema akipewa, mwakani hakuna atakayeleta. Halafu stoo: wazazi wameanza kunong'ona hata debe la kwanza halijaingia.

BwanaStoo
Anzia kwa mtoto mmoja. Kwa mlo mmoja panga mahindi gramu 120, maharage gramu 30, mafuta gramu 5 na chumvi yenye madini joto gramu 3. Mwaka una siku 194 za masomo, kwa hiyo mtoto mmoja anahitaji mahindi kilo 23.3 na maharage kilo 5.8. Shule nzima inapika mahindi kilo 48 na maharage kilo 12 kwa siku. Kama mtakoboa, pimeni gunia moja kabla na baada ya mashine, mjue pumba inachukua kiasi gani, ndipo mpange nyongeza.

Pokeeni kwa mizani. Debe la huyu limejaa hadi kilele, la yule limefutwa juu, na ugomvi wa kwanza huzaliwa hapo hapo mlangoni.

Sasa wizi. Mara nyingi hauanzi na gunia kubebwa usiku. Unaanza pale mpishi anapotolewa chakula cha watoto 400 wakati waliokuja ni 350. Hao 50 ni kilo 6 za mahindi kwa siku, na kwa siku 20 za masomo ni kilo 120. Kwa hiyo mwalimu wa zamu ahesabu waliohudhuria saa mbili asubuhi, aandike idadi, ndipo stoo ifunguliwe. Mlango uwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu, mwingine kwa mzazi asiye na undugu na mpishi. Kila Ijumaa bandikeni kwenye ubao wa nje: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mnong'ono hautibiwi kwa hotuba ya mwenyekiti, unatibiwa kwa namba ambazo mzazi yeyote anaweza kuingia stoo akazihakiki.

Mwl_Mstaafu
Ndugu mjumbe, swali la pili ndilo zito. Mtoto aliyeketi darasani ale. Deni ni la mzazi, na lidaiwe kwa mzazi. Mkimweka pembeni huku wenzake wanakula, siku ya pili atatoroka saa nne, siku ya tano hatakuja kabisa, na watakaopotea ni wale wale ambao mlo huo ulilengwa wao.

Pengo la wasioweza kuchanga lihesabiwe mapema. Tuseme kaya za watoto 60 hazina uwezo kabisa. Wenye uwezo, watoto 340, watachanga kilo 27.4 za mahindi badala ya 23.3, yaani nyongeza ya kilo 4 hivi kwa mwaka. Lipelekeni wazi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liamuliwe, liandikwe kwenye muhtasari. Majina ya wasio na uwezo yapitishwe na serikali ya kijiji, yasisomwe mbele ya watu wala kubandikwa jikoni.

Mkulima_Kongwa
Mwalimu, kwa heshima zote, wapo wenye ng'ombe 30 watakaojiita maskini.

Mwl_Mstaafu
Wapo, ndiyo maana nimesema serikali ya kijiji. Balozi wa nyumba kumi anajua zizi la kila mtu. Mwenye mali asiyechanga aitwe na mwenyekiti wa kijiji, si mwalimu. Walimu wasishike michango kabisa. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wengi walielewa kwamba hata chakula kimefutwa kwenye wajibu wa mzazi, wakati chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki kwake. Kila uchaguzi ukikaribia atatokea mgombea wa kuwaambia msichange. Muhtasari wenye sahihi za wanakijiji ndio kinga yenu siku hiyo.

Mkulima_Kongwa
Hapo sawa. Naongeza la msimu: kusanyeni Juni na Julai, mavuno yakiwa ndani. Mkingoja Januari, kaya nyingi huku zinanunua mahindi, hata mwenye nia njema hatakuwa nacho.

AfyaNaLishe
Mkikusanya Julai, mtahifadhi karibu mwaka, basi angalieni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi. Kila mzigo upimwe mlangoni: weka chumvi kavu kidogo kwenye chupa safi iliyo kavu, ongeza mahindi hadi theluthi moja, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, yarudi juani kwenye turubai. Yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yaliyosinyaa msipokee hata kama ni ya mjumbe wa kamati. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kabla ya kupunguza moto. Yakiiva nusu yanaleta kutapika, na wazazi watasema chakula cha shule kina sumu.