Tamthilia za ndoa za Asia: zipi ni mswada mmoja, na zipi zimefanana tu?

Rimoti_Sebuleni:

Wakuu, naomba kueleweshwa. Ukiiweka The World of the Married ya Korea (2020) pembeni ya The Broken Marriage Vow ya Ufilipino (2022), unakuta mke ni daktari, mume anabebwa na mkewe, mchepuko ni binti wa tajiri, na mtaa mzima unajua isipokuwa mwenye ndoa. Ukihamia Indonesia, Thailand au India, sura zinabadilika lakini moto ni uleule.

Zipi wamenunua mswada na zipi zimefanana kwa bahati? Mtu anazitambuaje bila kuangalia mpaka mwisho? Na inakuwaje Mkorea anamaliza ugomvi kwa sehemu 16, Mfilipino anahitaji mia na ushee?

Kisimbuzi:

Hizo mbili ni mama mmoja baba mmoja, na mzazi mwenyewe hatoki Asia. Chanzo ni Doctor Foster ya BBC, Uingereza, iliyoandikwa na Mike Bartlett: misimu miwili, 2015 na 2017, kila msimu sehemu 5. India waliichukua mapema wakaiita Out of Love (2019). Korea wakafuata Machi 2020, Uturuki wakatoa Sadakatsiz mwaka huohuo, na 2022 wakaja Ufilipino na Indonesia. Ya Indonesia inaitwa Mendua. Kwa hiyo mtu anaweza kuangalia nchi tano akidhani anatembea, kumbe anazunguka nyumba moja.

Kuitambua si kazi, sehemu ya kwanza inatosha. Mke anapata unywele ambao si wake kwenye skafu ya mumewe. Anaona mafuta ya midomo ambayo si ya mtu yeyote wa nyumba ile. Kwenye ya Korea anafungua buti ya gari, anakuta simu ya pili, na ndani ya simu kuna picha za mumewe na yule binti wakiwa na marafiki zake mke, watu aliokuwa anacheka nao dakika chache zilizopita. Hapo ndipo penye kisu. Usaliti wa mume unauma, lakini kinachoitofautisha hadithi hii na fumanizi la kawaida ni kwamba majirani, wafanyakazi wenzake na rafiki wa karibu wote walikuwa ndani ya mpango. Ukiona mke anafumania *marafiki* kabla ya kumfumania mume, uko kwenye mswada wa Bartlett.

Alama ya pili ni meza ya chakula. Mke anakwenda kula nyumbani kwa wazazi wa yule binti, anakaa, anakula, halafu anamwaga yote mbele ya baba mtu ambaye ndiye mwenye hela. Ukitaka uhakika zaidi, soma majina mwishoni: nakala halali lazima itaje BBC na chanzo chake. Isipotaja, basi imefanana tu, au imeibwa kimyakimya, na hizo hazikosekani.

Sasa swali la urefu. Uingereza: sehemu 10 za kama saa moja, jumla saa 10. Korea: sehemu 16 za zaidi ya saa moja, Ijumaa na Jumamosi. Uturuki: sehemu 60, na sehemu moja ya Kituruki inapita saa mbili, kwa hiyo ni zaidi ya saa 120 kutoka kwenye mbegu ya saa 10. Ufilipino: sehemu zaidi ya 100, Jumatatu hadi Ijumaa, kama nusu saa kila jioni. Mwandishi wa jioni za kila siku hawezi kuishi kwa ugomvi wa watu watatu. Ataongeza ndoa ya jirani, ugonjwa, mtoto anayekataa shule, mama mkwe, kesi. Kwa hiyo ukiona tamthilia inavuta, usiulaumu uigizaji kwanza. Hesabu saa, halafu uliza chanzo kilikuwa na saa ngapi.

Ya Korea ilifunga na watazamaji zaidi ya asilimia 28, rekodi ya tamthilia za televisheni ya kebo kule. Ndiyo maana wengi wanaiona kama mama wa ukoo, wakati ni mtoto aliyemzidi mzazi umaarufu.

Ugoni_na_Fidia:

Kisimbuzi kaeleza ya mswada, sawa. Lakini mswada mmoja ukivuka mpaka unakutana na sheria ya ndoa ya nchi ile, na hapo ndipo mke anaanza kutenda tofauti. Mimi nisingeangalia fumanizi. Ningeangalia asubuhi inayofuata: mke anampigia nani?

Korea Kusini ugoni ulikuwa jinai tangu 1953, kifungo hadi miaka 2. Mlalamikaji alikuwa lazima awe mwenzi wa ndoa, na alitakiwa awe amefungua shauri la talaka kwanza. Ndiyo sababu kwenye tamthilia za zamani mke anaingia gesti na polisi. Tarehe 26 Februari 2015 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, polisi wakatoka kwenye hadithi. Wakaja wanasheria, wapelelezi binafsi, risiti za kadi, na ile kamera ndogo ya kwenye dashibodi inayorekodi safari. Ushahidi sasa ni wa kudai fidia ya ugoni, kwa mume au kwa mchepuko mwenyewe. Mume wa The World of the Married anapomfokea mkewe kwamba kupenda si kosa, anatetea jambo ambalo kabla ya Februari 2015 lingeweza kumpeleka ndani.

Kuna kitu kingine ambacho watazamaji wa kwetu hawakielewi, wanaishia kuuliza "huyu mama si atoe talaka, anang'ang'ania nini?" Korea, mwenye kosa kwa kawaida hawezi kudai talaka mahakamani. Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ilishikilia hivyo tena Septemba 2015, kwa kura 7 dhidi ya 6. Maana yake mume aliyechepuka hawezi kuondoka mpaka mke akubali. Sahihi ya mke ni silaha. Anaponyamaza na kuendelea kupika, msimuone mjinga; ameshika mlango. Na hata wakikubaliana, wenye mtoto mdogo wanasubiri miezi 3, wasio na mtoto mwezi 1. Waandishi wanaupenda sana huo muda wa kusubiri.

Ufilipino ni kinyume. Talaka hakuna, isipokuwa kwa Waislamu chini ya sheria yao ya 1977. Wengine wanabaki na kubatilisha ndoa, ambako ni ghali na kunachukua muda. Halafu ugoni bado ni jinai na haugawanywi sawa. Mke akitembea nje mara moja tu, kosa limetimia. Mume lazima ithibitishwe kwamba kamuweka kimada ndani ya nyumba ya ndoa, au anaishi naye mahali pengine, au wamefanya mambo yao kwa kashfa ya wazi. Sasa jiulize kwa nini tamthilia za Kifilipino zimejaa matukio ya mume kumleta hawara nyumbani na watu kugombana hadharani. Na kwa nini jina la toleo lao limekamatia *kiapo*: kile kiapo hakina mlango wa kutokea.

Indonesia ndiyo itakayomgusa mtu wa Pwani. Sheria ya ndoa ya 1974 inamruhusu Mwislamu kuoa mke wa pili kwa idhini ya mahakama na ridhaa ya mke wa kwanza. Wasiotaka kuomba ridhaa wanafunga *nikah siri*. Sihitaji kutafsiri: ni nikaha, na ni siri, maneno yaleyale ya Kiarabu yaliyotufikia sisi. Ndoa halali kwa shehe, haipo kwenye daftari la serikali. Kwa hiyo pale swali halikomei kwenye "unatembea naye?" Swali zito ni "umemuoa?"

Rimoti_Sebuleni:

Asante sana, hiyo ya sahihi sikuwahi kuiwaza. Lakini mbona nyote wawili mmezungumzia mume, mke na mchepuko? Za Kihindi mama mkwe ndiye mwenye tamthilia. Na zile za mwanamke anayerudi na sura mpya zinatoka wapi?

Shangazi wa Luninga:

Mwanangu, sura mpya ina anwani kabisa. Temptation of Wife, SBS ya Korea, 2008 hadi 2009, sehemu 129. Mke mjamzito anasalitiwa na mumewe pamoja na shoga yake aliyekulia kwao, anaachwa afe maji, anaokoka, anarudi kulipiza. Na kujibadilisha kwenyewe ni nini? Kidoti. Anachora kidoti chini ya jicho, anabadili nywele na jina, na mume aliyelala naye miaka hamtambui. Wakorea wenyewe walicheka, na mpaka leo wanakicheka. Aina hiyo ya tamthilia iliyopindukia wanaiita *makjang*. China waliinunua 2011, na aliyeigiza mke akawa Mkorea, Choo Ja-hyun. Ufilipino wakaifanya 2012 na Marian Rivera. Ukikutana na mke "aliyekufa" anayerudi kumtongoza mumewe mwenyewe, anzia kutafuta hapo.

Thailand wana ya kwao isiyohitaji kidoti: pacha. Raeng Ngao (2012, Channel 3), dada mpole anadanganywa na bosi mwenye mke, anajiua akiwa mjamzito, pacha wake anaingia ofisini akijifanya yeye. Msichana mmoja, Janie Tienphosuwan, kaigiza wote wawili. Kithai mke wa nyumbani ni *mia luang*, mke mkuu, na wa nje ni *mia noi*, mke mdogo. Ni dada yake "nyumba ndogo" yetu. Sikiliza lugha nyingine uone zinavyopishana: Wachina wanasema *xiaosan*, yule mdogo wa tatu, yaani wanahesabu tu. Waindonesia wanasema *pelakor*, mnyang'anyi wa mume wa mtu, lawama yote kwa mwanamke na mume kageuka mkoba ulioporwa. Neno linakwambia kofi litamwangukia nani.

India sasa. Ukiacha ile Out of Love, hapo usitafute mswada wa BBC, tafuta lugha jirani. Anupamaa ya Star Plus (kuanzia Julai 2020) ni Sreemoyee ya Kibengali ya 2019, na Wamarathi wana yao pia. Mke wa miaka 25 ya ndoa, mume ana mwenzake wa kazini. Talaka inatoka, lakini kwa muda mrefu aliyeachwa, mume, mke mpya, wakwe na watoto wanakaa paa moja. Hilo haliwezekani kwenye ghorofa la Seoul. Familia ya pamoja ndiyo injini: kila siri ina masikio kumi, na kila sikio ni sehemu moja ya wiki. Ndiyo maana kamera inazunguka uso kwa uso baada ya neno moja. Zinaonyeshwa karibu kila siku, dakika ishirini na kitu, na nyuso nane zikishtuka zinajaza dakika bila mwandishi kutoa siri mpya.

Mama mkwe wa Kichina mnamjua tayari. Doudou na Mama Wakwe Zake, TBC 2011, yenye sauti za Kiswahili. Jina lenyewe lina hesabu: mume ana mama na mama wa kambo, kwa sababu baba mtu aliacha akaoa tena. Kwa hiyo ndoa iliyovunjika pale ni ya kizazi kilichotangulia, na bi harusi analipa deni la wakwe. Hata Rais Xi Jinping aliitaja akihutubia Dar es Salaam Machi 2013.

Kisimbuzi:

Shangazi umenimaliza. Ila tusiisahau Japani, maana inavunja kanuni yote. Hirugao (Fuji TV, 2014, sehemu 11): anayechepuka ni mke, mfanyakazi wa muda wa supamaketi, na mwalimu wa baiolojia mwenye mke wake. Mwishoni wanasainishwa hati kwamba hawataonana wala kuwasiliana tena, na filamu ya 2017 inaanzia miaka mitatu baada ya hati ile. Sehemu 11 zinatosha kwa sababu Wajapani wanaandika kwa msimu wa miezi mitatu, kisha wanafunga.

Rimoti, kama lengo ni kulinganisha, usianze na Uturuki, utachoka kabla hujafika popote. Anza na Out of Love, msimu wa kwanza ni sehemu 5 tu, upate mifupa. Kisha ya Korea yote 16. Kisha chukua ya Ufilipino, lakini ruka moja kwa moja kwenye matukio matatu: skafu, meza ya chakula, na siku mke anapoonana na mwanasheria. Hilo la tatu ndilo halifanani na la Korea hata kidogo, na Ugoni_na_Fidia ameshasema kwa nini.

Ugoni_na_Fidia:

Na ukifika za China, angalia mwaka. Tangu 1 Januari 2021 wanaotalikiana kwa makubaliano wanasubiri siku 30, na mmoja akibadili nia ndani ya muda huo, ombi linakufa. Nothing But Thirty ni ya 2020, kabla ya hapo. Tamthilia ya hadithi ya leo ikionyesha wawili wanaingia ofisini asubuhi na kutoka na cheti mchana uleule, ujue imeandikwa kwa sheria ya zamani au mwandishi kalala.