Karo nimelipa, mitihani nimepita, halafu naambiwa kompyuta iliungua!

Wadau, nina hasira na sitazificha. Kuna chuo hapa katikati ya jiji la Nairobi nilikosomea diploma nikamaliza bila deni la hata shilingi moja. Sasa nimepata kazi na mwajiri anataka transkripti. Nafika ofisi ya msajili, naambiwa, "Pole sana dada, kompyuta iliungua. Matokeo ya darasa lenu hayapo."

Hayapo vipi? Nikauliza bakapu iko wapi. Karani, mtu mpole na simlaumu yeye, akanionyesha chini ya meza. Diski ya nje imelazwa juu ya CPU, na waya za vyote viwili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyozungushiwa seloteipu. Stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikavichoma pamoja. Diski yenyewe ilikuwa haichomolewi, usiku na mchana. Hiyo si bakapu. Nakala inayokaa pale pale na faili asilia, inayokula umeme ule ule, itaibwa nayo, itaungua nayo, na virusi vikiingia vitaifikia dakika ile ile. Fundi wa barabara ya Luthuli, kule kwenye maduka ya elektroniki, amewaambia data huenda zikaokolewa kwa wataalamu wa kufungua diski, lakini ni pesa nyingi. Wenye chuo wamekataa kulipa.

Lililonichoma zaidi ni hili. Waliniambia nilete slipu za kila muhula. Nikazileta zote, zina muhuri wao na sahihi zao. Wakazigeuzageuza, wakasema haziwezi kukubalika mpaka zilinganishwe na rekodi zilizo kwenye mfumo. Mfumo upi, kama si ule ulioungua? Njia iliyobaki, eti, ni kurudia mitihani, tena kwa kulipia ada upya. Wapoteze wao, nilipe mimi!

Na mtu asiniambie ni bahati mbaya. Nairobi nani hajui stima hupotea? Ijumaa ya Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakosa umeme. Ukiweka rekodi za watu kwenye mashine moja isiyo hata na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme stima ikipotea) baada ya hayo, umeamua kutojali.

Gharama pia si kisingizio. Wanaofanya kazi ya kompyuta wana kanuni yao ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae nje ya jengo. Alama za wanafunzi ni majina na tarakimu, si video. Matokeo ya maelfu ya watu yanaingia kwenye flashi ndogo na nafasi inabaki. Funga faili kwa nenosiri, pandisha nakala moja mtandaoni, nyingine mtu aondoke nayo kila Ijumaa ikafungiwe mahali pengine. Chuo kinachotufukuza darasani kwa salio la karo kinashindwaje na hilo?

Halafu lazima mtu ajaribu kuzifungua hizo nakala. Januari 31, 2017 kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu mtandaoni, ilifuta data zake kwa bahati mbaya, na kati ya njia tano za bakapu walizokuwa wakitegemea, hakuna iliyowafaa. Waliokolewa na nakala ambayo mfanyakazi wao alikuwa ameichukua kwa mkono kama masaa 6 kabla ya hapo. Lakini waliwaeleza wateja wao peupe bila kuchelewa. Sisi hatukuambiwa neno. Kila mmoja anaambiwa peke yake akifika dirishani.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 41, inazungumzia hatua za usalama ambazo anayeshika data za watu anapaswa kuzizingatia, na mojawapo ni uwezo wa kuzirudisha kwa wakati tatizo la kiufundi likitokea. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Barua yangu iko tayari. Nimeambatisha slipu, risiti za karo, na picha ya ile ekstensheni.

Kama nawe umeambiwa "kompyuta iliungua" na chuo chako kiko mjini, niandikie inboksi tuone kama ni kimoja, tupeleke malalamiko pamoja. Tafuta slipu zako, zipige picha, na usimwachie mtu yeyote pale ofisini zile za asili. Na mawakili mlio humu, nisaidieni hapa: slipu yenye muhuri wa chuo inatosha kuwalazimisha wanipe transkripti bila kurudia mtihani?