Naomba ushauri: sofa ya L au kochi la kujilaza kwa sebule ndogo?

Mkazi wa Tabata: Wakuu, salaam. Tumepanga nyumba Tabata, na sebule yetu ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Tumekwama kati ya sofa ya L, inayokalisha watu wengi, na kochi la kujilaza lenye sehemu ya kunyanyua miguu. Lipi litatufaa?

Seremala Mstaafu: Ndugu, kabla ya umbo, uliza kilichomo ndani. Fremu ya mninga au mkongo hudumu, ilhali mbao isiyokauka vyema hupinda na kulegeza viungo, na sponji nyepesi hubonyea mapema hata ikivikwa kitambaa cha thamani. Kochi la kujilaza lina vyuma vya kukunja ambavyo hewa ya chumvi huviletea kutu, tena mengi huhitaji nafasi kati ya mgongo wake na ukuta.

Mama Nuru: Mimi nilichagua ngozi bandia kwa ajili ya watoto, maana uji ukimwagika unafutika. Joto la Dar likaibambua pale pa kuegemea vichwa. Chukua kitambaa chenye zipu, ukivue na kukifua.

Mzee Mashauri: Mpangaji hununuaje sofa kabla ya kiwanja? Fedha hiyo ni matofali.

Seremala Mstaafu: Mzee wetu, kila nyumba na mipango yake. Mwenye uzi, ni nani atakayelikalia kutwa?

Mkazi wa Tabata: Ni baba yangu mzazi, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, na atahamia kwetu mwisho wa mwezi. Hata hivyo, kianzio cha sofa ya L tumekwisha kukilipa huko Keko, na mke wangu ameipenda. Naamini mto wa ziada utatosha kumwinua mzee.

Msomaji Makini: Nina shaka na kisa hiki. Aliyekwama kumbe amelipa, na mgonjwa amezuka katikati ya mazungumzo. Nyuzi za namna hii huishia kwenye namba ya simu ya muuzaji.

Mkazi wa Tabata: Siuzi chochote. Baba hapendi maradhi yake yasimuliwe, ndiyo maana nilinyamaza.

Msomaji Makini: Basi tuambie kikalio kina kimo gani kutoka sakafuni.

Mkazi wa Tabata: Sentimita 36, kwa mujibu wa mchoro wa fundi.

Seremala Mstaafu: Hicho ni kifupi mno kwake. Aliyepasuliwa nyonga hushauriwa asikae magoti yakiwa juu ya nyonga, na mto laini utadidimia tu. Mwombe fundi aongeze miguu ya sofa, kisha apunguze upande mmoja wa L ili fedha hiyo itengeneze kiti cha peke yake, chenye sponji ngumu na mikono imara ya kushikilia anapoinuka.

Mkazi wa Tabata: Miguu nitaiongeza, lakini L ibaki nzima, kwa sababu wageni wa mzee watakuwa wengi.

Mama Nuru: Wageni watakalia hata mkeka, kaka. Mpime baba kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, kikalio kizidi hapo kidogo, na umwonyeshe vipimo mtaalamu wake wa viungo kabla fundi hajakata mbao.