Kustaafia Chiang Mai: siku ya kawaida inakwendaje?

MamaZuhura_Leicester
Salamu wanajamvi. Nimetunza wazee wa watu huku Uingereza mpaka magoti yamechoka, na mwakani nastaafu. Binti yangu alitembea Chiang Mai, Thailand, mwezi wa Desemba, tangu arudi hana wimbo mwingine. Anataka nihamie huko badala ya kurudi Mombasa. Habari za tembo na mahekalu zimenitosha. Nataka kujua mtu wa umri wangu akiamka asubuhi anashinda wapi, anakula nini? Mimi Mwislamu, nasikia nguruwe yumo kila sufuria. Kuna anayeishi huko atuambie kweli?

Dereva_Mstaafu
Asalaam aleikum Mama Zuhura. Mimi mtu wa Tanga, nimeendesha mabasi Birmingham mpaka pensheni, sasa nimepanga chumba na sebule hapa Chiang Mai, karibu na mto Ping.

Nikishaswali alfajiri nabeba kapu kwenda soko la Warorot, maana ikifika saa nne jua halitaniwi. Mchicha upo, bamia zipo, na nazi unakuniwa mbele yako. Yule mama wa mashine kashanizoea: nikimwonyesha kiganja anajua nataka nazi iliyokunwa tu, tui nitakamua mwenyewe. Samaki ni sato na kambare. Changu sahau, bahari iko mbali. Kurudi napanda zile pikapu nyekundu zenye mabenchi mawili nyuma, chai maharage za Dar za zamani mtupu, abiria magoti kwa magoti.

Nguruwe yumo kweli, hata kwenye sahani ya mboga unakuta wamemnyunyiza. Ila karibu na soko la usiku kuna msikiti wa Ban Haw, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, ambao wazee wao walikuja huku na misafara ya nyumbu. Mtaa ule wote chakula ni halali. Kuna khao soi, tambi za mchuzi wa tui na bizari, za kuku au ng'ombe, na juu wanamwagia tambi nyingine za kukaanga. Unakamulia ndimu, unakula na kitunguu kibichi. Ijumaa asubuhi kando ya msikiti panakuwa na gulio, watu wa milimani wanashusha mboga na maparachichi. Wazee wa pale hatuelewani lugha, lakini nisipoonekana Ijumaa mbili, kuna atakayekuja kugonga mlango.

Mchana nalala na feni. Jioni naenda bustani ya Buak Hat kuangalia mabibi wakifanya mazoezi kwa muziki. Ndiyo siku imekwisha, na nakwambia ni ndefu.

Sasa la Desemba. Desemba kila mtu anaupenda mji huu, kuna kibaridi cha Lushoto. Mwambie binti aje Machi. Kuanzia Februari hadi Aprili wanachoma mashamba na misitu, hapa na upande wa Myanmar, na mji umekaa bondeni, moshi hauna pa kwenda. Mlima Doi Suthep, ambao siku nyingine unauona dirishani, unapotea. Macho yanawasha, kifua kinabana. Wenye uwezo wanakimbilia kusini baharini. Mimi ukizidi nafunga mlango nakwenda Tanga kula masika.

Kijana_Muscat
Shikamoo mzee. Makaratasi na matibabu je?

Dereva_Mstaafu
Marahaba. Viza ya kustaafu, uwe na miaka 50 kwenda juu. Ama uweke baht 800,000 benki ya hapa, ama uonyeshe kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Kila mwaka unaongeza muda, kila siku 90 unaripoti unapoishi, na kazi huruhusiwi, hata ya kusaidia dukani. Ukitoka nchini chukua kwanza kibali cha kurudi, la sivyo ruhusa yako inakufa mpakani. Matibabu ya bure ya Uingereza ukihama umeyaacha, na bima kwa umri wetu ni ghali mno. Presha yangu napima hospitali ya serikali: unadamka, unachukua namba, unasubiri.

Fundi_Leeds
Niongeze la pensheni ya serikali ya Uingereza. Ukihamia Thailand inaganda, kiwango ulichoanza nacho ndicho hichohicho miaka yote. Wengi hawajui kwamba Kenya na Tanzania nako inaganda vilevile. Ufilipino inapanda kila mwaka. Kwa hiyo Mama, hilo lisikuamulie kati ya Mombasa na Chiang Mai.

MamaZuhura_Leicester
Hapo kwenye kuganda nimekaa chini kwanza. Basi nitakuja Machi na kifua changu hikihiki, nyumba ya Mombasa siigusi. Nikuletee nini?

Dereva_Mstaafu
Usiiguse kabisa, na hapa panga, usinunue. Niletee majani ya chai ya Kericho, chai ya hapa ina rangi ya chungwa na maziwa ya kopo. Na ukipitia Mombasa njiani, kamata cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukitokea Kenya wanakiulizia uwanjani.