Naomba ushauri: kubebesha (kuunga kitawi kwenye mche mwingine) mpeasi wa zamani, Black Worcester

Habari zenu wakuu. Naishi Worcester, Uingereza, na nyuma ya nyumba niliyopanga kuna mpeasi mzee wa aina ya Black Worcester, peasi ileile iliyomo kwenye nembo ya jiji. Si wengi wanaoupanda siku hizi. Tunda lake lina ganda la kahawia iliyokolea, linakwaruza mkononi, na nyama yake ni ngumu yenye chengachenga. Halifai kung'atwa bichi, ni la kupika taratibu na sukari na mdalasini hadi lilainike, na likitunzwa mahali pa baridi linavuka kipupwe kizima. Kwa kweli naupenda sana mti huu.

Sasa shina limeoza upande mmoja, na mwenye nyumba anataka kuukata. Majira ya kuchipua yaliyopita nilibebesha vikonyo (vijitawi) vyake kwenye mche wa mpeasi wa kawaida, vikakauka vyote.

Wenye uzoefu, nikate vikonyo mwezi gani, na nivihifadhije hadi siku ya kubebesha? Na je, mche wa mkwinsi (quince, mti wa jamii ya mpeasi) unashika vizuri na aina hii, au nibaki na wa mpeasi?